UZI: Sheria imeitaja redio ya mtaa kwa jina. Mbona notisi za mto na taka bado zinaishia gazetini?

Mleta uzi

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Sisi tunaoishi mashariki mwa Nairobi tunavijua vipindi vya asubuhi vya redio za mtaa. Mtangazaji anatupa mada: mtaro umeziba, lori la taka halijaonekana, maji ya bomba yanatoka yakinuka. Simu zinaanza kuingia. Mama mboga anaeleza jinsi maji taka yanavyopita mbele ya kibanda chake. Kijana wa bodaboda anataja kona ambapo taka zimekula nusu ya barabara. Mzee anakumbusha enzi za watoto kuogelea katika Mto Nairobi. Kisha wimbo unapigwa, kipindi kinaisha, na hakuna hata mmoja aliyeandika kitu. Kesho mada ni nyingine.

Hilo ndilo linaloniuma. Redio hizi tumezifanya mahali pa kutolea dukuduku tu, ilhali sheria ya nchi hii inazitambua kama njia ya serikali ya kaunti kuwafikia wananchi. Kilio kinatoka mtaani kwenda hewani. Kutoka kaunti kuja hewani hakuna kinachorudi: si notisi, si bajeti, si jibu.

Kwa wasiozijua: ukiwa Korogocho utaisikia Koch FM, iliyoanza 2006 ndani ya kontena. Ukiwa Kibera utaisikia Pamoja FM, iliyoanza 2007, na iliyofanya kazi kubwa ya kutuliza watu wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka huohuo. Ukiwa Mukuru kwa Reuben kuna Ruben FM. Zote ziko kwenye masafa yaleyale ya 99.9. Mitambo yao ni midogo, kila moja inasikika mtaani mwake na kidogo kando yake, ndiyo maana hazigongani. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo nguvu yenyewe, kwa sababu ukitangaza kwamba mtaro wa nyuma ya soko utazibuliwa Jumanne, kila anayekusikia anaujua mtaro huo.

Sasa sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inaitaka kaunti iweke utaratibu wa kuwasiliana na umma kupitia vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi katika kaunti. Inavitaja: televisheni, vituo vya teknolojia, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara, na njia za asili. Redio za jamii zimetajwa waziwazi.

Ukija kwenye mazingira, mambo yanageuka. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003 zinasema mtu anayetaka kuweka mradi wenye athari ni lazima afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, na atoe notisi kwenye gazeti linalosambazwa nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo. Pia atangaze kwenye redio, angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Vizuri. Lakini redio inayotakiwa ni ile inayosikika nchi nzima. Kwa hiyo kiwanda kikipangwa kujengwa kando ya Mukuru, mtu wa Lodwar anaweza kuisikia notisi, na mama anayelala mita 50 kutoka kwenye ukuta wa kiwanda asiisikie, kwa sababu redio yake asubuhi nzima iko 99.9.

Msinielewe vibaya, sisemi notisi ya nchi nzima ifutwe. Nasema iongezwe ya mtaa.

Ninalipigania hili kwa sababu ya Dandora. Taka zilianza kumwagwa pale 1975. Mwaka 2001 jalala lilitangazwa kuwa limejaa, na hadi leo malori yanaingia. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako hapahapa Nairobi, Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na jalala hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Nusu! Habari hiyo ilisafiri dunia nzima. Ulizeni ni wazazi wangapi wa Korogocho, kando ya jalala hilo, waliwahi kuelezwa kwa lugha wanayoielewa risasi ni nini, inaingiaje mwilini kupitia vumbi na moshi, na kwamba kumnawisha mtoto mikono kabla ya kula na kumzuia kucheza kwenye mchanga ule kunapunguza hatari. Ripoti ya kitaalamu haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Mtangazaji anayezungumza kama jirani anaweza, akipewa nusu saa na daktari kando yake.

Tena kuna mvua ya 2024. Aprili ile mnaikumbuka, Mathare na Mukuru maji yalichukua nyumba usiku, na nchi nzima mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300. Mei serikali ikaamuru walio kando ya mito waondoke, tingatinga zikaja, mita 30 kutoka mtoni zikawa ndiyo habari ya mjini. Wengi walisikia neno mita 30 kwa mara ya kwanza tingatinga likiwa limeshafika mlangoni. Je, mita hizo zinapimwa kutoka wapi, katikati ya mto au ukingoni? Wapi tupeleke vitu? Nani anastahili msaada? Hayo ni maswali ya kujibiwa redioni mwezi mzima kabla, na afisa wa kaunti akiwa ameketi studioni.

Naomba maoni yenu. Hasa waliowahi kufanya kazi kwenye redio hizi.

Mchangiaji wa Kariobangi

Nimekuwa mtangazaji wa kujitolea kwenye redio ya mtaa, sitaitaja. Mleta uzi umegusa ukweli ila hujaona jikoni kulivyo.

Kwanza, wengi wetu hatulipwi. Unakuja asubuhi unafanya kipindi, saa nne unaenda kutafuta kibarua. Umeme unataka pesa, mtambo ukiungua ni michango. Wafadhili wanakuja na mada zao: mwaka huu chanjo, mwaka ujao uchaguzi, na ufadhili ukiisha kipindi kinakufa. Mtaro haujawahi kupata mfadhili.

Pili, tunaishi hapahapa. Siku tuliyozungumzia ardhi ya akiba ya mto iliyojengwa nyumba za kupangisha, simu iliingia kabla kipindi hakijaisha, na haikuwa ya msikilizaji. Mtu aliuliza tu, "huyo kijana wenu analala wapi?" Wewe ukiwa mhariri utafanya nini? Tulibadilisha mada. Sioni aibu kusema, kwa sababu yule kijana ana watoto.

Tatu, hizo notisi unazotaka zije redioni zikija na malipo ya kaunti, kesho utasema nini kuhusu kaunti? Redio maskini ikizoea mfuko mmoja inanyamaza.

Mleta uzi

Ndugu, asante sana kwa kusema hivi wazi. Hoja ya tatu imenifanya nifikiri mchana kutwa.

Naliona hivi. Notisi si hisani ya kaunti kwa redio, ni deni la kaunti kwa wananchi. Gazeti likilipwa kuchapisha notisi hakuna anayeliambia lisiandike habari ya ufisadi kesho yake, au akiliambia tunajua ni kosa. Bei ya notisi redioni iwe moja kwa redio zote za mtaa, ijulikane, isomwe hewani hata: notisi hii imelipiwa kiasi fulani na ofisi fulani. Msikilizaji akijua pesa imetoka wapi, atajua pia redio ikianza kunyamaza.

Kuhusu usalama sina jibu jepesi na sitajifanya ninalo. Ninachoamini ni kwamba mtu mmoja akisema jambo anajulikana, na watu 60 wakitia sahihi barua moja ni vigumu zaidi kuuliza analala wapi. Ndiyo maana nataka mambo haya yatoke kinywani yaende kwenye karatasi. Mtangazaji asiwe ndiye anayelalamika. Kazi yake iwe kusoma: barua ya wakazi wa eneo hili imepelekwa ofisi hii tarehe hii, siku za jibu zimebaki kadhaa. Hapo hakuna tusi, hakuna jina la mtu, na kila mtu anahesabu.

Mchangiaji wa Huruma

Mimi nabeba taka. Tuko kikundi cha vijana, tunapita mlango kwa mlango na mkokoteni, nyumba inatulipa kidogo kila mwezi. Nimesoma uzi wote na ninataka kusema kitu ambacho redioni hakisemwi.

Kila mada ya taka ikiwekwa hewani, wa kutukanwa ni sisi. "Hawa vijana ndio wanamwaga mtoni." Wengine wanamwaga, sikatai. Lakini nisikilizeni mchakato. Sisi tunatoa taka kwenye ploti na kuzifikisha kando ya barabara, pale lori linapotakiwa kuzichukua kwenda Dandora. Lori lisipokuja wiki, rundo linafika katikati ya barabara. Lisipokuja wiki mbili, wenye maduka wanakuja na fimbo. Usiku mtu anaziwasha moto au anazisukuma mtoni. Asubuhi redioni: vijana wa taka wameharibu mto.

Tuulizwe sisi lori lilikuja lini mara ya mwisho. Tunajua siku, tunajua saa, tunajua namba za usajili. Hakuna kituo cha redio kimewahi kutuomba hesabu hiyo, na iko vichwani mwetu bure.

Na jambo jingine. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kurejeleza. Sisi tunatenganisha plastiki na vyuma tayari kwa sababu vinauzika. Zinazooza ndizo hazina mnunuzi karibu, na ndizo nyingi kwenye mkokoteni. Tupewe kiwanja kidogo cha mboji katika kila wadi na mtaona mto utakavyopumua.

Mleta uzi

Kaka, huu mchango wako ungetosha kuwa uzi. Nairobi ina wadi 85. Hebu fikirieni kila redio ya mtaa iwe na dakika tano kila jioni: lori lilikuja wapi leo, halikuja wapi. Wanaotoa taarifa ni ninyi mlio na mikokoteni. Baada ya miezi mitatu mtaa una rekodi kamili, na afisa akija kusema huduma iko sawa anasomewa tarehe.

Tena nakubaliana na wewe kabisa kuhusu lawama. Kipindi kinachowatukana wabeba taka kinamsaidia aliyeshindwa kupeleka lori.

Mchangiaji wa Kikuyu

Habari zenu. Mimi niko juu huku. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, hapa Kikuyu. Nawaomba msiuzungumzie mto kana kwamba unazaliwa Gikomba. Ukitoka huku unapita mashamba, unapita mitaa ya wenye nacho, unapita Chiromo chini ya majengo ya chuo, ndipo unaingia katikati ya jiji. Majitaka kutoka kwenye nyumba nzurinzuri pia yanaingia, ni vile yanapitia bomba lililofichwa. Ukifika Dandora umebeba ya kila mtu, unajiunga na Athi, na mwisho wake ni bahari karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Kwa hiyo redio ya Korogocho inazungumzia maji ambayo nusu ya uchafu wake haukuwekwa na watu wa Korogocho. Wa juu nao wasikie.

Mleta uzi

Kweli tupu. Na watu wa juu hawasikii 99.9. Hilo ndilo pengo ambalo redio kubwa zingeziba, kwa kurusha tena vipindi vya redio ndogo angalau mara moja kwa wiki. Serikali imezindua mpango mwingine wa kuufufua mto huu 2025, wa mabilioni ya pesa. Kabla yake kulikuwa na juhudi za marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, ambazo kwa muda zilileta tofauti iliyoonekana kwa macho, pale kwenye bustani iliyopewa jina lake. Mpango ukizungumzwa tu na wahandisi na wanasiasa, wa kando ya mto atausikia siku ya kuhamishwa.

Mchangiaji wa South B

Swali la uaminifu kabisa: nani anasikiliza redio siku hizi? Mtaa wetu mambo yote ni kwenye kundi la WhatsApp. Halafu hicho kifungu cha 95, nimekisoma. Kinasema vyombo hivyo "vinaweza" kujumuisha redio za jamii. Vinaweza si lazima. Kaunti itakwambia imeweka kwenye tovuti, basi.

Mleta uzi

Dada, umesoma sawasawa, na nashukuru. Orodha ni ya "inaweza". Lakini soma sehemu inayotangulia orodha: kaunti *itaweka* utaratibu, na vyombo viwe vile vinavyowafikia watu wengi zaidi. Hapo hakuna hiari. Kaunti ikichagua tovuti peke yake, ni juu yake kuonyesha kwamba Mathare na Mukuru watu wengi wanafikiwa na tovuti. Kazi hiyo iwe yao.

Kuhusu nani anasikiliza: ingia kinyozi, ingia kwa fundi wa viatu, kibanda cha chai, gereji ya jua kali, jikoni kwa mama wa chapati. Watu ambao mikono yao ina kazi hawawezi kushika simu. Na kundi la WhatsApp ni zuri, lakini lina mlango. Mpangaji aliyehamia juzi hayumo, shosho hayumo, aliyeishiwa bando hayumo, na msimamizi akikasirika anakutoa. Redio haina wa kumtoa mtu.

Mchangiaji wa Mathare

Sawa, nimeelewa. Mimi si msomi. Nataka kuuliza lori la taka la eneo letu. Nianzie wapi wiki hii?

Mleta uzi

Mama, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Katiba, ibara ya 35, inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu uandike ombi kwa Kiswahili. Si lazima Kiingereza. Na kama mtu hawezi kuandika, afisa anapaswa kumsaidia na kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Kuomba ni bure, unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Likiwa jambo la uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wasipojibu, unaenda Tume ya Haki ya Utawala, na huko pia hakuna haja ya wakili.

Usiombe "hali ya usafi mtaani". Watakuletea hotuba. Omba vitu vinavyohesabika. Andika hivi, badilisha utakavyo:

"Kwa afisa wa habari, Kaunti ya Jiji la Nairobi. Mimi ni mkazi wa Mathare, wadi ya (jina la wadi). Chini ya ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nipewe: ratiba ya malori ya kuchukua taka katika wadi hii kwa miezi mitatu iliyopita; tarehe ambazo malori yalifika kweli; kiasi cha pesa kilichotengewa kazi hiyo katika bajeti ya mwaka huu wa fedha; na jina la ofisi inayosimamia. Naomba jibu kwa Kiswahili."

Tia sahihi, majirani nao watie. Toa nakala mbili. Ofisini hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa tarehe, usiondoke bila muhuri. Ukijibiwa au usipojibiwa, kuna hatua ya pili: kifungu cha 15 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Na jambo likifika mahali pa kuhatarisha afya, ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani juu ya mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia.

Kumbukeni pia kalenda. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili. Ukilia Julai juu ya lori, pesa imeshagawanywa. Februari na Machi ndiyo miezi ya kupiga kelele, na ndiyo miezi ambayo redio zetu zingepaswa kuwa na kipindi cha bajeti kila wiki.

Nakala yenye muhuri ipeleke studioni. Ndugu wa Kariobangi, je, redio mnazozijua zitakubali kuisoma hewani pamoja na siku zilizobaki?

Mchangiaji wa Kariobangi

Barua yenye muhuri tutaisoma. Hiyo haina jina la mtu wa kutafutwa, ina tarehe tu. Mama alete, na wabeba taka wa Huruma nao walete hesabu yao ya malori. Nitazungumza na mhariri Jumatatu asubuhi, nitawajibu hapahapa.